Lengelenge la mkimbiaji huanzia ndani ya ngozi

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Shangani, Mtwara, nina miaka 26. Najiandaa na mbio za kilomita 21 zitakazofanyika baada ya wiki tano. Kila Jumamosi alfajiri tunakimbia na wenzangu hadi Mikindani na kurudi. Nikifika nyumbani kisigino cha kulia kina lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi 100, na kuna jingine dogo ubavuni mwa kidole gumba. Raba zangu ni za mtumba lakini nzuri tu, wala hazinibani. Mwenzangu mmoja ananiambia nijipake vaselini ya kutosha. Mwingine anasema nitoboe kwa sindano yenye uzi, niuache uzi humo ndani maji yatoke yenyewe, kisha nimwagie unga wa rangi mbili, ile kapsuli ya antibiotiki. Baada ya mbio tuna safari ya Newala, tunataka kushuka lile bonde la Shimo la Mungu. Nifanyeje? Je, niahirishe mbio?

JIBU: Marahaba. Katika maelezo yako yote, neno la kushika ni hilo "hazinibani". Mtu akitoka lengelenge hulaumu kiatu kinachobana, lakini kiatu kinachobana huumiza mapema. Ungekivua kabla hujaiona Mikindani. Lengelenge kubwa la kisigino, tena la mguu mmoja, linalojitokeza baada ya mwendo mrefu, mara nyingi ni kazi ya kiatu kinachopwaya.

Ili uone kwa nini, fanya jaribio hili sasa hivi. Weka ncha ya kidole cha shahada juu ya mgongo wa mkono wako wa pili. Bonyeza kidogo, kisha kipeleke kidole mbele na nyuma bila kukiacha kiteleze. Ngozi inakwenda na kidole, mfupa umebaki palepale. Hapo hakuna kilichosuguana, maana ngozi na kidole vimegandana. Kinachovutwa ni kile kilicho kati ya ngozi na mfupa. Kisiginoni ni hivyohivyo, ila kwa kugeuza: ngozi imeshikana na soksi, soksi imeshikana na kiatu, na mfupa wa kisigino ndio unaopanda na kushuka kila unapokanyaga. Ukikimbia kilomita 20 kwa hatua ya mita moja, kila mguu unakanyaga mara 10,000. Mwishowe tabaka la kati la ngozi ya nje huchanika, na mwanya unaopatikana hujaa majimaji yanayochujika kutoka kwenye damu. Ngozi ya juu kabisa bado ni nzima, ndiyo maana lengelenge lina kifuniko. Kama ingekuwa ni kusuguliwa tu, ngozi ingetoka kuanzia juu, na huo tungeuita mchubuko.

Ndiyo sababu pia malengelenge hupenda visigino, nyayo na vidole. Ngozi ya huko ni nene na imeshikwa vizuri na kilicho chini yake, haina pa kuponyokea. Ngozi nyembamba, kama ya juu ya mguu, huchubuka kabla haijatoa lengelenge.

Jasho linaongeza taabu kwa njia mbili. Ngozi yenye unyevu kidogo hushikana na soksi kuliko ngozi kavu. Ikilowa kabisa kwa muda mrefu inakuwa nyeupe, yenye mikunjo kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa, na hapo inachanika kwa urahisi. Kwa hewa ya pwani yetu, hasa masika yanapoingia, huwezi kukimbia saa mbili ukabaki na miguu mikavu. Lakini unaweza kuacha kuilowesha kwa makusudi. Angalia wakimbiaji wanavyojimwagia maji kichwani: yanashuka mgongoni, yanapita kwenye pensi, yanateremka mapajani hadi ndani ya raba. Ukitaka kujipoza, inama mbele kwanza, kichwa kitangulie, ndipo umwage.

Turudi kwenye raba zako. Kiatu cha mtumba kina tatizo ambalo duka la viatu vipya halina: kilikwishajifunza mguu wa mtu mwingine. Toa ile soli ya ndani uitazame kwenye mwanga. Utaona alama za vidole na kisigino cha aliyekitangulia. Simama juu yake bila soksi. Kama vidole vyako havikai kwenye vishimo vilivyopo, mguu wako unakanyaga kwenye matuta ya mwenzio kila hatua. Kisha ingiza mkono ndani ya kiatu cha kulia, upapase kwa ncha za vidole ule ukuta wa nyuma unaokumbatia kisigino. Unatafuta kitambaa kilichochanika, sponji iliyolika upande mmoja, au plastiki ngumu iliyoanza kutokeza. Linganisha na cha kushoto. Halafu papasa ubavu wa ndani pale kidole gumba kinapolala. Mara nyingi kuna mshono, au mahali kiatu kinapojikunja unapoinua kisigino. Soli ya ndani iliyochoka unaweza kuibadilisha, na ni bei rahisi kuliko kiatu. Ukuta wa nyuma uliochanika hautengenezeki vizuri, hata fundi akikushonea. Mshono wake mpya utakuwa ndio kisu kipya. Hapo tafuta raba nyingine.

Ukienda kuchagua nyingine, nenda jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kutembea, na uvae soksi zilezile za kukimbilia. Pima ukiwa umesimama. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pawe na sentimita 1 hadi 1.5, na kwa wengine kidole kirefu ni cha pili, si gumba. Pima miguu yote miwili, kwa sababu kwa watu wengi mmoja ni mkubwa. Chagua kwa kufuata ule mkubwa, mdogo utaurekebisha kwa kamba. Kisigino kisipande ndani ya kiatu unapotembea. Huenda hata sasa mguu wako wa kulia ndio mdogo, na hilo peke yake lingetosha kueleza kwa nini wa kushoto haulalamiki.

Kabla hujatumia hata shilingi, jaribu kufunga kamba upya. Raba nyingi za kukimbilia zina tundu moja la ziada juu kabisa karibu na kifundo, limerudi nyuma kidogo kuliko mengine, na wengi hawalitumii. Funga kamba kama kawaida hadi tundu la kabla yake. Kisha chukua kamba ya kulia, iingize kwenye tundu la ziada la kulia kutoka nje kwenda ndani, usiivute yote. Acha kitanzi kidogo upande wa nje. Fanya vivyo hivyo kushoto. Sasa pitisha ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto, na ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia. Gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili mguu urudi nyuma kabisa, vuta ncha zote mbili kwa pamoja, ufunge. Kisigino kitashikwa bila kuubana mguu kwa mbele. Usipopata nafuu yoyote kwa hili, basi kosa liko kwenye umbo la kiatu chenyewe.

Soksi za pamba tupu ziache kwa ajili ya ibada na ofisi. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, inakuwa nzito na kujikunja. Tafuta soksi za nyuzi za kutengenezwa, kama poliesta au nailoni, zinazobana kiasi na zisizo na mshono mnene vidoleni. Wengine huvaa mbili, nyembamba ndani na nene nje, ili mwendo uishie kati ya soksi na soksi badala ya kati ya ngozi na mfupa. Njia hii inafanya kazi kweli, lakini kiatu kiwe na nafasi. Ukiibana soksi ya pili ndani ya kiatu kilichojaa tayari, umebadilisha tatizo moja kwa jingine.

Vaselini sasa. Mwenzako hajakosea, amesahau saa tu. Mafuta hupunguza mshikano mwanzoni. Baada ya saa moja hivi faida yake imeisha, na ukiendelea hadi saa tatu ngozi inashikana kuliko kama usingepaka kitu, kwa kuwa mafuta yameingia kwenye soksi na ngozi imelainika. Tena ukipita kwenye mchanga, mafuta yanaukusanya ndani ya kiatu kama unga kwenye mkono wenye samli. Kwa mbio za kilomita 10 paka ukitaka. Kwa 21, itumie mapajani na kwapani, kisiginoni weka plasta.

Plasta ninayoipendelea kwa kuzuia ni ile ya karatasi, nyepesi, inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya kushikizia shashi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa wakimbiaji wa mbio za kilomita 250 za siku kadhaa, ulionyesha kwamba plasta hiyo ilipunguza malengelenge kwa asilimia 40. Haizuii kila kitu, lakini kwa bei yake sijui kingine kinachoikaribia. Ubaya wake ni kwamba gundi ni dhaifu. Kwa mguu unaotoka jasho sana, ya kitambaa ya upana wa sentimita 2.5 au 5 hushika zaidi.

Kuibandika kuna ustadi wake. Osha mguu, ukaushe hadi katikati ya vidole, pangusa sehemu hiyo kwa spiriti na usubiri ikauke yenyewe. Kata kipande cha kuzidi sehemu inayouma kwa sentimita 2 kila upande, kisha zungushia pembe zake kwa mkasi. Pembe kali ndizo zinazoanza kunyanyuka na kuviringika. Kunja kifundo mguu uwe kama umesimama, ubandike kuanzia katikati kwenda pembeni bila kuivuta. Plasta iliyovutwa hurudi nyuma na kuvuta ngozi pamoja nayo. Pasiwe na hata kunjo moja. Sugua kwa kiganja kama nusu dakika ili joto liamshe gundi, kisha vaa soksi kwa kuikunjua, si kwa kuivuta. Na kama umeshapaka mafuta, plasta haitashika hata ungeibandika mara kumi.

Utasikia pia watu wakisifia dawa za kuzuia jasho la kwapa zipakwe miguuni. Jeshi la Marekani lilijaribu hilo kwa wanafunzi wa uofisa katika matembezi ya kilomita 21, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Waliopaka dawa ya alumini kloridi ya asilimia 20 kwa usiku usiopungua mitatu kabla ya safari, asilimia 21 walipata malengelenge, dhidi ya 48 kwa waliopaka dawa isiyo na kitu. Lakini zaidi ya nusu ya waliopaka waliwashwa na ngozi. Mimi sikushauri.

Lengelenge ulilonalo sasa linatazamwa kwa mambo matatu: ukubwa, maumivu na rangi ya kilicho ndani. Lile dogo la kidole gumba, likiwa chini ya nusu sentimita na haliumi, liache kabisa, lifunike tu. Maji yake yatanyonywa na mwili. Lengelenge lenye damu ndani usilitoboe. Lile la kisigino, kubwa, lililojaa, linalokuzuia kukanyaga, linaweza kutolewa maji, mradi huna kisukari, mzunguko mbaya wa damu au ganzi ya miguu. Mwenye hali hizo asiguse kitu. Aende kituo cha afya hata kama haumwi, kwa sababu kutoumwa ndiko kunakomponza.

Nunua duka la dawa sindano mbili za bomba zilizofungwa, shashi, spiriti au iodini. Sindano ya cherehani iliyopitishwa kwenye moto wa kiberiti inabaki na masizi na haijasafishika kama watu wanavyodhani. Nawa mikono kwa sabuni, osha mguu kwa sabuni, pangusa lengelenge kwa iodini au spiriti. Toboa pembeni, chini kabisa, pale ngozi iliyoinuka inapokutana na ngozi nzima, sindano ikiwa imelala na si kusimama. Weka matundu mawili au matatu, maana moja huziba kabla ya saa kupita. Kandamiza taratibu kwa shashi kuelekea kwenye matundu hadi libaki bapa. Ndani ya saa 24 za mwanzo litajaa tena. Rudia hata mara tatu kwa usafi uleule. Ukifanya hivyo ngozi ya juu hulala na kushikamana na ya chini.

Ngozi hiyo usiibandue, hata ikiwa imekufa na inaonekana kama takataka. Hakuna bandeji ya dukani inayoishinda. Chini yake ngozi mpya huanza kazi siku ya kwanza, na kwa kawaida ndani ya siku tano tabaka jipya la juu limeshajitengeneza, ingawa bado ni jembamba. Paka vaselini kidogo (hapa ndipo mahali pake hasa), weka shashi, ufunge. Plasta isigusane na lengelenge moja kwa moja, la sivyo utakapoitoa utatoka na kifuniko chote. Njia rahisi ni kukata kipande kidogo cha plasta na kukigeuza, gundi kwa gundi, katikati ya kile kikubwa, ili sehemu inayolala juu ya kidonda isinate. Kama ni lazima utembee, kata matabaka matatu manne ya plasta ya kitambaa, toboa katikati tundu lenye ukubwa wa lengelenge, uyapange kulizunguka kama kitumbua kilichotobolewa. Uzito utabebwa na ukingo.

Kama kifuniko kimeshapasuka na ni kisafi, kirudishe mahali pake. Kama kimeingia mchanga, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kata kwa mkasi safi vipande vilivyochafuka tu, kisha paka vaselini na ufunge. Kwenye nyama mbichi usimwage spiriti. Inachoma, na inaua chembe zilezile zinazojaribu kuziba kidonda. Maji ya bahari nayo hayatibu, ingawa pwani nzima inaamini hivyo. Ya ufukweni karibu na makazi yana uchafu usiouona.

Uzi wa mwenzako wa pili unatoa maji, siwezi kubisha. Lakini unaingiza vijidudu pia, tena unawafungulia njia mchana na usiku, mguu ukiwa ndani ya kiatu chenye jasho. Unga wa rangi mbili ni kosa jingine. Dawa hiyo ilitengenezwa kumezwa kwa kipimo cha daktari. Ikimwagwa juu huganda, hufanya gamba, na usaha hujificha chini yake. Hali kadhalika dawa ya meno na majivu. Hata ile dawa ya bluu inayokausha vidonda ina kasoro hapa: inapaka rangi sehemu ambayo unatakiwa kuichunguza kila siku.

Unachunguza nini? Vitabu vingi husema angalia wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu unaweza usiuone hadi hali iwe mbaya. Tumia mgongo wa mkono: gusa pembeni mwa kidonda, kisha mahali palepale kwenye mguu wa pili. Joto likizidi, ngozi ikiwa imevimba, inang'aa au imekuwa nyeusi zaidi kuliko jana, na maumivu yanaongezeka siku ya pili badala ya kupungua, vijidudu vimeingia. Ukiona usaha, mstari unaopanda mguuni, homa, au mitoki kwenye kinena, nenda zahanati siku hiyohiyo, au Hospitali ya Ligula ikiwa hali inakimbia. Kama kidonda kimepakwa udongo na hukumbuki mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda, uliza hilo pia. Na malengelenge yanayotoka bila kutembea, au kati ya vidole yakiambatana na muwasho na harufu, si ya mbio. Huenda ni fangasi, na yana dawa yake.

Mbio usiahirishe. Wiki tano zinatosha. Wiki hii pumzika kukimbia hadi uweze kubonyeza kisigino kwa dole gumba bila kuumia. Endesha baiskeli kama unataka kulinda pumzi. Ukirudi, anza na kilomita 5 kwa kamba mpya, soksi mpya na plasta, kisha panda taratibu. Ukibadilisha raba, zitembelee nusu saa kwanza, kisha 5, kisha 8; kabla ya siku ya mbio ziwe zimeshapita angalau mwendo mmoja wa kilomita 15. Siku yenyewe usivae kitu ambacho mguu haujawahi kukiona. Na ukihisi sehemu inaanza kuwaka moto, simama palepale, hata kama ni kilomita ya 7 na wenzako wanakuacha. Kausha, bandika plasta, funga kamba upya. Ni dakika tatu. Ukisema utaangalia mbele ya safari, kule mbele utakuta limeshajaa maji.

Newala kunahitaji mguu uleule lakini kwa hesabu nyingine. Unaposhuka, mwili mzima unasukuma vidole kwenye ncha ya kiatu, kwa hiyo malengelenge yatahamia vidoleni na chini ya kucha. Kaza kamba sehemu ya juu, karibu na kifundo, uziache legevu kidogo vidoleni. Wakati wa kupanda kurudi, kisigino ndicho kitakachodai plasta. Mzigo wa mgongoni upunguze, na beba jozi ya pili ya soksi ndani ya mfuko wa nailoni ili ubadilishe kule chini kabla ya kuanza kupanda. Kucha kata siku mbili kabla, zikiwa zimenyooka mbele, kisha zipige tupa. Ukucha uliokatwa asubuhi ya safari una ncha kali, nao hukichanja kidole cha jirani njia nzima.